Xenophon: Jemadari aliyefundisha kumwondolea farasi hofu bila mjeledi

Ugiriki na Uturuki ni majirani wanaotenganishwa na bahari nyembamba na kuunganishwa na historia ndefu. Miongoni mwa watu wa kale ambao maisha yao yaligusa ardhi ya nchi hizo mbili, na kufika hadi Iraki ya leo, ni Xenophon, raia wa Athens aliyezaliwa yapata mwaka 430 kabla ya Kristo (KK). Wanafunzi wa historia humfahamu kama mmoja wa majemadari waliolirejesha jeshi la Wagiriki zaidi ya 10,000 lililokwama karibu na Babeli. Wanafunzi wa falsafa humfahamu kama mfuasi wa Socrates. Wafugaji wa farasi, kwa upande wao, humkumbuka kwa kijitabu cha sura 12 kuhusu upandaji farasi, ambacho ndicho maandishi ya kale zaidi ya Kigiriki juu ya mada hiyo yaliyotufikia yakiwa kamili.

Katika kijitabu hicho limo fundisho ambalo wakufunzi wa farasi wanalitumia hadi sasa: farasi mchanga hushtuka kwa sababu ya woga, na woga hauondolewi kwa kipigo. Aliyeliandika alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake hofu inavyoweza kulilemaza jeshi zima, na utulivu wa watu wachache unavyoweza kulinusuru.

Mtoto wa watu wenye farasi

Xenophon alikuwa mwana wa Gryllus, mtu mwenye mali. Katika Athens ya wakati huo farasi alikuwa mnyama wa gharama kubwa. Hakulima wala hakubeba mizigo ya kila siku; kazi hizo zilifanywa na ng'ombe, punda na nyumbu. Aliyefuga farasi alikuwa na uwezo wa kulisha mnyama ambaye faida yake kubwa ilikuwa vita, mashindano na heshima. Tabaka la pili kwa utajiri mjini humo liliitwa kwa jina la wapanda farasi.

Utoto na ujana wake ulipita wakati Athens ikipigana na Sparta, vita vilivyoanza mwaka 431 na kumalizika mwaka 404 KK kwa Athens kushindwa. Kijana wa nyumba kama yake alijifunza mapema kupanda farasi, na kupanda kwenyewe hakukuwa mchezo. Wagiriki hawakuwa na tandiko gumu wala vikuku vya kuwekea miguu. Mpandaji alikaa juu ya mgongo mtupu au juu ya kitambaa, akijishikiza kwa mapaja, mkuki mkononi. Farasi akishtushwa na ngao inayometa au na sauti ya tarumbeta, mtu huyo huanguka, na aliyeanguka mbele ya adui mara nyingi hainuki tena. Kwa hiyo suala la kumzoesha farasi mchanga vishindo na vituko vya dunia lilikuwa suala la uhai.

Jeshi lililobaki bila farasi

Mwaka 401 KK rafiki yake Proxenus alimwita ajiunge na Cyrus, mwanamfalme wa Uajemi aliyekuwa akikusanya askari wa kukodiwa katika Asia Ndogo. Xenophon alimwomba Socrates ushauri, naye akamwelekeza kwenye hekalu la uaguzi la Delphi. Kijana alikwenda, lakini badala ya kuuliza kama inafaa asafiri, aliuliza ni miungu gani awatolee sadaka ili safari iwe njema. Socrates alimkosoa kwa kuwa alikwisha kuamua kabla ya kuuliza, kisha akamwacha aende. Hawakuonana tena, Socrates aliuawa kwa hukumu ya mahakama ya Athens mwaka 399 KK, mwanafunzi wake akiwa bado ng'ambo.

Lengo la Cyrus lilikuwa kumpindua ndugu yake, mfalme Artaxerxes wa Pili. Majeshi yalikutana Cunaxa, si mbali na Baghdad ya leo, na Cyrus akauawa. Wagiriki walijikuta katikati ya nchi ya adui, wakiwa wamepoteza mtu aliyewaajiri. Muda mfupi baadaye majemadari wao watano walialikwa kwenye mazungumzo na Waajemi, wakakamatwa kwa hila na kuuawa. Usiku ule wengi hawakula, hawakuwasha moto, wala hawakupata usingizi. Xenophon, ambaye hadi hapo hakuwa na cheo chochote, aliamka baada ya ndoto ya radi kuipiga nyumba ya baba yake, akawakusanya maofisa waliobaki na kuwatia moyo. Kulipopambazuka alikuwa amechaguliwa kuwa mmoja wa majemadari wapya.

Miongoni mwa mambo yaliyowatisha askari ni kwamba Waajemi walikuwa na wapanda farasi wengi, nao hawakuwa na hata kikosi kimoja. Xenophon aliwakumbusha kwamba wapanda farasi 10,000 ni wanadamu 10,000 tu, na kwamba hakuna aliyepata kufa vitani kwa kuumwa au kupigwa teke na farasi. Mtu aliye juu ya farasi, alieleza, anaogopa mambo mawili: anamwogopa adui na anaogopa kuanguka. Jambo moja tu anamshinda askari wa miguu, nalo ni kukimbia kwa usalama zaidi.

Maneno hayo yaliwapunguzia hofu, lakini mishale ya Waajemi haikupungua. Siku chache baadaye Xenophon mwenyewe alikiri kwamba bila farasi wasingeweza kuwafukuza waliokuwa wakiwashambulia kutoka mbali. Wakapekua wanyama wa mizigo, wakachagua farasi waliofaa, wakawapatia vifaa, na kuunda kikosi cha wapandaji 50. Kilikuwa kikosi kidogo mno, ila kilibadilisha mwendo wa safari.

Kisa kimoja cha njiani chaonyesha jinsi alivyoelewa nafasi ya mtu aliye juu ya farasi. Walipokuwa wakikimbilia kilele cha kilima kabla adui hajakifikia, Xenophon alikuwa akiwahimiza watu kutoka mgongoni mwa farasi wake. Askari mmoja alilalamika kwamba jemadari amepanda ilhali yeye anahangaika na ngao. Xenophon alishuka, akamtoa askari yule mstarini, akaichukua ngao na kupanda mlima pamoja na wengine, huku deraya nzito ya mpanda farasi ikimlemea. Wenzake ndio waliomrudi mlalamikaji hadi akaichukua tena ngao yake.

Theluji ya Armenia

Baada ya kupita katika milima ya mashariki mwa Uturuki ya leo, jeshi liliingia katika nyanda za juu za Armenia wakati wa baridi kali. Watu na wanyama walikufa katika theluji. Walionusurika walifika kwenye vijiji ambavyo nyumba zake zilichimbwa chini ya ardhi, na ndani yake wakakuta wanadamu, mbuzi, kondoo, ng'ombe na kuku wakiishi pamoja. Katika kijiji alichopewa Xenophon walikuwamo pia farasi wachanga 17 waliokuwa wakilelewa ili wapelekwe kwa mfalme kama kodi.

Farasi aliyekuwa amempanda alikuwa mzee na amedhoofika kwa safari. Akihofia kwamba atakufa, alimkabidhi mkuu wa kijiji amnenepeshe na kumtoa sadaka, kwa kuwa alisikia farasi huyo amewekwa wakfu kwa mungu Jua. Yeye akachukua mmoja wa wale wachanga, na kila jemadari na kila kapteni akapewa wake. Aliandika kwamba farasi wa huko walikuwa wadogo kuliko wa Uajemi, lakini wenye moyo zaidi. Mkuu wa kijiji aliwafundisha Wagiriki kuwafunga wanyama mifuko miguuni wanapopita kwenye theluji, kwa maana bila mifuko hiyo walizama hadi tumboni.

Hatimaye msafara ulifika Trabzon, kwenye ufuko wa Bahari Nyeusi. Siku askari wa mbele walipoiona bahari kwa mara ya kwanza wakiwa juu ya mlima, kelele zao zilikuwa kubwa kiasi kwamba Xenophon alidhani wameshambuliwa. Alirukia farasi wake na kukimbilia mbele pamoja na wapandaji, akakuta watu wanalia kwa furaha.

Farasi aliyeuzwa akarudishwa

Mwaka 399 KK, baada ya miaka miwili ya vita na njaa, Xenophon alifika Lampsacus, mji ulio kwenye mlangobahari wa Dardanelles, akiwa hana nauli ya kumfikisha nyumbani. Alimuuza farasi wake kwa sarafu 50 za dhahabu za Kiajemi. Siku chache baadaye wajumbe wawili walioleta mishahara ya jeshi, Bion na Nausiclides, walimkomboa farasi yule na kumrudishia, kwa kuwa walisikia anampenda. Walikataa kurejeshewa fedha zao. Xenophon, ambaye katika kitabu chake cha safari anazungumza kidogo sana juu ya hisia zake, aliona kisa hicho kinastahili kuandikwa.

Hakurudi Athens. Alijiunga na Wasparta, akawa mtu wa karibu wa mfalme wao Agesilaus, na mwaka 394 KK alikuwa upande wa Sparta katika vita vya Coronea, ambako Athens ilikuwa miongoni mwa wapinzani. Mji wake ulimfukuza. Sparta ikampa shamba huko Scillus, karibu na Olympia, na hapo aliishi kwa takriban miaka 20 pamoja na mkewe Philesia na wana wao wawili, Gryllus na Diodorus. Aliwinda, alifuga, alijenga madhabahu ya Artemis kwa sehemu ya ngawira, na aliandika.

Kumfundisha farasi mchanga

Kitabu chake cha upandaji farasi kiliandikwa kwa ajili ya rafiki zake vijana. Kinaanza na ununuzi, na hapo anamtaka mnunuzi atazame miguu kwanza. Nyumba yenye msingi mbovu haifai hata kama sehemu za juu ni nzuri, na farasi wa vita mwenye kwato mbovu ni vivyo hivyo. Ili kwato ziwe imara, anashauri mbele ya banda pamwagwe mikokoteni minne au mitano ya mawe ya duara, kila moja likijaa kiganja, farasi asimame juu yake anaposafishwa.

Anapofika kwa farasi mchanga anasema kazi ya kumfundisha kubeba mtu apewe fundi, kama vile baba anavyompeleka mwana kujifunza ufundi, na yaandikwe mapatano ya mambo ambayo mwanafunzi atakuwa anayajua siku ya kurudishwa. Lakini kazi iliyo kubwa zaidi hufanyika nyumbani kabla ya hapo. Farasi lazima aondoke kwa mwenyewe akiwa mpole, ameshazoea mikono, na anawapenda wanadamu.

Njia anayoipendekeza ni rahisi. Mtunzaji apange mambo hivi kwamba njaa, kiu na bughudha ya nzi vimpate farasi akiwa peke yake, na chakula, maji na nafuu vimfikie kwa mkono wa mtu. Mnyama aliyelelewa hivyo hawavumilii wanadamu tu, huwatamani. Mtunzaji amguse sehemu ambazo farasi hufurahia kuguswa, hasa zile zenye singa nyingi na zile asizoweza kujikuna mwenyewe.

Kisha amtoe nje. Ampitishe katikati ya umati, amkaribishe kwenye kila aina ya mandhari na kila aina ya kelele. Farasi akiogopa kitu, asikasirikiwe. Atulizwe na aonyeshwe kwamba kitu kile hakina madhara. Mwandishi anarudi kwenye jambo hili anapozungumzia farasi mkubwa anayekataa kukaribia kitu fulani. Mpandaji akiguse kitu kile yeye kwanza, kisha amvute farasi taratibu hadi akifikie. Anayemlazimisha kwa mjeledi humzidishia hofu, kwa kuwa mnyama huyaunganisha maumivu na kile anachokitazama, na huamini kwamba ndicho kilichomwumiza. Waswahili wana methali isemayo kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Xenophon alikuwa akionya kwamba mjeledi unaweza kuugeuza unyasi kuwa nyoka.

Kwa farasi mwenye moyo mkali anaongeza tahadhari. Tarumbeta au makelele yakisikika, mpandaji asionyeshe wasiwasi wowote. Amtulize mnyama na, ikiwezekana, amletee chakula wakati huohuo, ili sauti ile ihusishwe na shibe. Juu ya yote anakataza kumshughulikia farasi kwa hasira, kwani hasira haitazami mbele na aghalabu humwachia mtu majuto. Kile farasi anachofanya kwa kulazimishwa, anaeleza akimfuata mwandishi aliyemtangulia aitwaye Simon, hukifanya bila kukielewa, na hakina uzuri kuliko uzuri wa mcheza ngoma anayechapwa ili acheze.

Isidhaniwe kwamba kila kitu katika kitabu hicho kingekubaliwa leo. Anaeleza matumizi ya lijamu mbili, moja laini na nyingine yenye miiba. Mtunzaji anayetakiwa kuwa mpole kiasi hicho kwa mnyama, kwa kawaida alikuwa mtumwa, na kitabu hakiulizi ni nani aliyekuwa mpole kwake. Hata hivyo, hoja ya msingi imedumu. Wakufunzi wa sasa wanaomtembeza farasi mchanga kwenye turubai la plastiki, wanaomfungulia mwavuli kwa mbali na kuusogeza kidogo kidogo, wanaomzoesha ngoma kabla hajaingia kwenye gwaride la polisi, wanafuata njia ileile: kitu kinachotisha huletwa kwa kipimo ambacho mnyama anaweza kukistahimili, na utulivu hulipwa kwa jambo jema.

Wapandaji wa Mantinea

Mwaka 371 KK Sparta ilishindwa vibaya huko Leuctra, na Xenophon akapoteza shamba lake la Scillus. Alihamia Corinth. Athens na Sparta zilipopatana, amri ya kumfukuza ilifutwa, na wanawe wawili wakatumikia katika kikosi cha wapanda farasi cha Athens. Mwandishi aliyekuwa mkimbizi alianza tena kuandika kwa manufaa ya mji wake. Kitabu chake kingine kinamshauri kamanda wa wapanda farasi wa Athens namna ya kuwaandaa watu na wanyama wake.

Mwaka 362 KK kikosi hicho kilitumwa kuisaidia Mantinea dhidi ya Thebes. Kiliwasili kikiwa kimechoka kwa safari, watu na farasi wakiwa hawajala. Wakati huo watu wa Mantinea walikuwa nje ya kuta pamoja na ng'ombe na wafanyakazi wao, na wapanda farasi wa adui walikuwa wakikaribia. Wenyeji waliwaomba Waathens msaada. Hawakungoja kupumzika, walikwenda, wakapigana na wapandaji waliokuwa wengi na wenye sifa kubwa, na mali na watu wa nje wakaokolewa. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Gryllus, mwana wa Xenophon.

Masimulizi ya baadaye yanadai kwamba baba alikuwa akitoa sadaka, shada likiwa kichwani, habari zilipomfikia. Alilivua shada, kisha alipoambiwa kwamba kijana alikufa kishujaa, akalivaa tena. Kilicho na uhakika zaidi ni alichokiandika mwenyewe. Katika historia yake ya Ugiriki alisimulia pambano lile, akasema kwamba watu wema walianguka humo, na hakulitaja jina la mwanawe.

Xenophon alifariki dunia yapata mwaka 354 KK. Aliandika juu ya wafalme, uchumi wa nyumbani, uwindaji na mwalimu wake Socrates. Katika kurasa chache juu ya farasi yumo mtu aliyesimama usiku mmoja mbele ya watu waliojawa na hofu, akajua kwamba kuwafokea kusingesaidia. Farasi mchanga anayetetemeka mbele ya jani linalopepea hana tofauti kubwa na askari yule. Wote wawili wanamhitaji mtu atakayekisogelea kitu kinachotisha kabla yao, akiguse, kisha awangoje.